Karani Tawakali na Hesabu ya Maji

Zamani za Mwingereza mji wa Kilwa Kivinje ulikuwa na makarani wengi, ila mmoja tu ndiye aliyeweza kukufanya ujione mjinga na bado ukamshukuru. Huyo ni Tawakali bin Likwata, karani wa baraza la liwali. Alikuwa mwembamba, kanzu yake haikosi pasi, kofia imekaa sawasawa kichwani, na kalamu mbili mfukoni, moja ya wino mweusi na moja ya wino mwekundu. Hakupandisha sauti hata siku moja. Watu walipogombana mbele yake alingoja wachoke, kisha alinyoosha mkono wa kushoto akaanza kuhesabu kwa vidole, tangu kile cha mwisho. "Kwanza," husema. "Pili. Tatu." Ukija kushtuka yuko kwenye kidole gumba, na wewe uliyekuja na mori umekwisha kuitikia kwa kichwa mara nne, huna pa kutokea.

Watu walimpenda kwa hilo. Walitoka Kinjumbi na mashamba ya ndani kuja kumsikiliza, na mara moja walikuja watu wa Mchinga, ambako si wilaya yake kabisa, eti wamesikia Kivinje kuna karani anayemaliza maneno. Bwana Shauri mwenyewe, Mwingereza mkuu wa wilaya, aliwahi kusema kwamba mtu huyu angezaliwa Ulaya angekuwa wakili. Tawakali alilisimulia neno hilo mara nyingi kidogo kuliko inavyompasa mtu mnyenyekevu.

Mimi simpambi wala simchafui. Alikuwa na haki karibu kila mara, na mtu mwenye haki kila mara si rahisi kukaa naye, mkewe Mwahija angekwambia hivyo kabla hujamaliza kuuliza. Lakini hili ndilo lililonifanya nimwandike: mtu huyu aliyesuluhisha wilaya nzima alikuwa na dada mmoja tu duniani, na dada huyo hakukanyaga nyumbani kwake kwa miaka kumi na miwili.

Dada yake aliitwa Kidawa. Walizaliwa wawili tu kwa Bi Kijakazi, na baba yao alikufa Kidawa akiwa bado ananyonya. Walikula sinia moja, walisoma chuo kimoja cha Kurani kwa mwalimu mmoja, na bakora za mwalimu huyo waligawana. Tawakali tangu utotoni alikuwa na tabia ile ya vidole. Basi akianza kuhesabu, Kidawa alikuwa akimkamata kidole cha mwisho akakiuma, na hesabu ikaishia hapo hapo. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kumkatiza Tawakali akacheka. Alicheka mpaka machozi, akasahau alichokuwa anakitetea.

Kidawa akaolewa na Kibwana, mvuvi wa Songo Mnara. Kisiwa chenyewe hakiko mbali sana, lakini kina maji katikati, na toka Masoko mnaposhukia mpaka Kivinje ni mwendo wa miguu wa nusu siku na zaidi. Hata hivyo Kidawa alikuwa haishi kuja. Alikuja na ng'onda, samaki waliokaushwa juani, na mikeka, na umbea wa kisiwa kizima, na nyumba ya Tawakali siku hizo ilikuwa haikaliki kwa kelele. Karani alikuwa akilalamika kwamba hawezi kuandika, na wakati huo huo anasogeza kiti chake karibu na ua ili asikie vizuri.

Sasa nikupeleke kwenye siku yenyewe. Ilikuwa mwaka 1938, Jumatano. Bi Kijakazi alishikwa na tumbo toka Ijumaa, na Jumatatu Tawakali alipoona hali imekuwa mbaya alimtuma mtu ashuke Masoko, apande chombo, ampelekee Kidawa habari. Jumatano, baada tu ya sala ya alfajiri, mama akakata roho.

Kwa watu wa pwani binti ndiye anayempakata mama yake siku ya kuoshwa. Waosha wapo na kazi wanaijua, lakini binti anakaa kichwani, anakipakata kichwa cha mama, anamwagiwa maji pamoja naye, na maneno aliyokuwa nayo anayasema hapo kimya kimya. Hakuna sheria iliyoandikwa. Ni haki ya binti, na kila mwanamke wa Kivinje anaijua, naye anaingoja na kuiogopa toka usichana wake.

Kwa hiyo Bi Biasha, mwosha maiti wa mtaa ule, mzee kuliko marehemu, alimfuata Tawakali kizingitini akamwambia:

"Karani, tumngoje Kidawa. Maji yapo, ubani upo, sisi hatuna haraka. Tumngoje japo mpaka alasiri."

Tawakali alikuwa hajalia. Macho yake yalikuwa makavu na mekundu. Akanyoosha mkono wa kushoto.

"Kwanza, bibi, mtu wangu kaingia Songo Mnara jana jioni na maji yaliyojaa. Pili, maji yale yakishatoka, mlango wa kisiwa ni tope tupu la mikoko, chombo hakitoki mpaka yajae tena alfajiri hii. Tatu, upepo umelala, na chombo kilichotoka alfajiri hakiwezi kufika Masoko kabla ya adhuhuri. Nne, toka Masoko mpaka hapa, mwanamke atatembea saa saba. Ataingia baada ya isha. Na usiku hatuziki, na maiti hatumlazi mpaka kesho. Sasa hiyo alasiri tutakuwa tunamngoja nani?"

Bi Biasha alivitazama vidole vile vilivyokunjwa kimoja kimoja. "Jibu sina, mwanangu," alisema. "Lakini tumngoje."

"Kama jibu huna, bibi, basi mwosheni."

Akaoshwa. Akasaliwa baada ya adhuhuri, akazikwa. Hata shehe hakuona kosa, maana kumharakisha maiti ni jambo jema, na hesabu ya karani haikuwa na tundu.

Wanaume wakawa wanarudi toka makaburini, wanne wamebeba jeneza tupu mabegani, Tawakali mbele. Kwenye kona ya njia itokayo Masoko wakakutana na Kidawa. Alikuwa na tope lililokaukia miguuni mpaka magotini, kanga yake imelowa ikakauka ikalowa tena jasho, na nyayo zinatoka damu. Saa ilikuwa saba na nusu mchana. Alilitazama jeneza, akaona lilivyo jepesi mabegani mwa watu. Akanyoosha mkono akaweka kiganja juu yake.

"Kaka," akasema, "mama yuko wapi?"

Mtu mwingine yeyote, hata yule mlevi wa sokoni, angemkumbatia dada yake hapo njiani wakalia pamoja. Tawakali alianza na kidole cha mwisho. Akamweleza maji ya jana jioni na maji ya alfajiri, akamweleza upepo, akamweleza mwendo wa kutoka Masoko. Watu wamesimama na jeneza mabegani, jua la saa saba linawachoma, na karani anamthibitishia mwanamke aliyesimama mbele yake kwamba hawezi kuwa amefika.

Kidawa alimsikiliza mpaka mwisho. Hakumkatiza.

"Sawa, kaka," akasema.

Akaingia ndani, akakaa matanga siku tatu. Alipika, alipokea wageni, kila asubuhi alimwamkia kaka yake kwa adabu. Baada ya hitima ya siku ya tatu alinawa miguu, akafunga nguo zake, akaondoka. Hakumtukana. Hakumsema kwa mtu, si Kivinje wala Songo Mnara. Aliacha tu kuja.

Mwanzo Tawakali hakuona shida. Aliona ni uchungu wa msiba, utapita. Miezi sita ilipokwisha akaanza kuandika barua, kwa herufi za Kiarabu, maana ndizo walizofundishwa chuoni wote wawili. Akaandika ya kwanza, ya pili, hata zikafika saba. Zilikuwa barua nzuri, nakwambia, zimepangwa vizuri kuliko mashauri mengi ya serikali. Katika ya tatu aliweka kauli ya shehe. Katika ya tano alichora mwambao wote, na saa za maji kujaa na kupwa pembeni. Hakuandika hata mara moja kwamba anamkumbuka, kwa sababu aliona hilo linajulikana.

Jibu lilikuja mara moja tu, tena si kwa barua. Kibwana alipita Kivinje kuuza ng'onda, akasimama mlangoni bila kukaa.

"Shemeji, Kidawa kanituma nikwambie kwamba yote uliyoandika ni kweli."

"Kasema hivyo?"

"Kasema hivyo. Yote ni kweli."

Loo, furaha aliyokuwa nayo Tawakali siku ile! Alidhani shauri limekwisha. Mbele yake watu wakisema "ni kweli" huweka dole gumba kwenye karatasi, wakaenda zao. Akapaka chokaa chumba cha marehemu mama, akanunua doti ya kanga, akamwambia Mwahija aongeze mchele kwa kuwa Idi hii Kidawa atakuja. Siku ya Idi alivaa joho akakaa barazani toka asubuhi, ameielekea njia ya Masoko. Wageni walikuja wakala, wakaondoka. Jua lilipoanza kushuka bado amekaa pale, na pilau ya Kidawa imefunikwa kwa kawa ndani.

Mwahija akatoka akasimama nyuma yake.

"Umeshamshinda, mume wangu," alisema. "Mtu aliyeshindwa aje Idi kufanya nini?"

Tawakali akasema tu kwamba pilau isitupwe.

Toka siku hiyo akawa mtu wa kutazama njia. Alikuwa akitoka kazini anavuta kiti barazani, anashika gazeti la mwezi uliopita, na macho yake yanakwenda kwenye kona ile. Ikipita kundi la wanawake, mmoja akacheka kicheko cha juu, moyo wake ulikuwa unamruka, halafu unakaa. Alikuwa na umri wa kujitawala, alikuwa na cheo, alikuwa na mke mwema, na bado alimtamani dada yake mchana kutwa. Alitaka amsikie tu akigombana na kuku uani. Alitaka amwone anaingia bila hodi, na kapu la ng'onda kichwani, harufu yake inajaa nyumba nzima. Mara nyingine alipokuwa peke yake alijikuta anamsimulia mambo ya barazani, na akifika mahali pa kuchekesha ananyamaza kumpa nafasi acheke.

Unaweza kuuliza, kwa nini asiende? Nami nimejiuliza. Nadhani aliogopa. Hoja zake zote alikwisha kuzituma, na zote zimekubaliwa. Angekwenda na nini?

Vita vikaja vikapita. Kidawa akaozesha binti zake wawili, na mahali pa mjomba akakaa mtu wa mbali wa ukoo. Tawakali alisikia habari hiyo sokoni, kwa muuza mihogo, akarudi nyumbani akalala mchana na viatu miguuni.

Hata mwaka 1950, wakaja barazani ndugu wawili wa Kinjumbi, Yunusu na Yahya, watu wazima wenye mvi. Ugomvi wao ulikuwa mkorosho. Baba yao aliupanda mpakani, akafa bila kusema ni wa nani, na sasa wake zao walikuwa wamerushiana maneno chini yake mpaka waume wameingia. Kwa Tawakali hiyo ilikuwa kazi ya nusu saa. Akauliza shina liko upande gani, nani aliufyekea, nani aliumwagilia ulipokuwa mche. Akahesabu. Mkorosho ni wa Yunusu. Yahya mwenyewe alitikisa kichwa akasema, "Hapo karani kasema kweli, sina neno." Wakaweka dole gumba, liwali akafurahi, wakatoka.

Alasiri Tawakali anafunga ofisi, anamkuta Yunusu amekaa ngazini peke yake.

"Mzee Yunusu, bado upo? Si umeshinda?"

"Nimeshinda, karani. Mungu akuweke."

"Basi mbona huendi?"

Yunusu akasugua magoti yake. "Nangoja Yahya afike mbali. Nisije nikaonekana namfuata, kama namsukuma. Tulikuja pamoja, karani, tulilala njiani pamoja. Hata chakula tulifungiwa kimoja, na kakibeba yeye."

"Mtume mtu akuletee."

"Sina njaa." Akatazama njia. "Miaka hamsini na kitu, na sijapata kurudi Kinjumbi peke yangu. Sijui hata njiani nitamsemesha nani. Ule mkorosho bora ungeanguka."

"Lakini ni haki yako," Tawakali akasema. "Yeye mwenyewe kakubali."

"Kakubali, ndiyo. Ningependa angenitukana." Yule mzee akamtazama. "Wewe karani, una ndugu?"

"Ninaye mmoja."

"Mnaonana?"

Tawakali alisimama pale na ufunguo mkononi. Aliona aibu ambayo hakupata kuiona mbele ya Bwana Shauri wala ya liwali. Alimletea mzee Yunusu chakula toka nyumbani kwake, akamsindikiza mpaka mwisho wa mji, na kesho yake akaomba ruhusa. Liwali alimwandikia karatasi ya siku mbili, akaipiga muhuri. Katika miaka yote aliyomjua, karani hakupata kuomba hata siku moja.

Alishuka Songo Mnara saa sita mchana, viatu mkononi, kanzu ameipandisha magotini kwa sababu ya maji. Njiani alikuwa amejitengenezea maneno. Usicheke: alikuwa amekwisha kugundua kosa katika hesabu yake, lile la pili, la chombo kutotoka maji yakipwa, naye alikuwa anakwenda kumkubalia Kidawa kosa hilo kwa utaratibu, kwa vidole vinne.

Kidawa alikuwa barazani kwake anashona ukili wa mkeka. Nywele zilizochomoza kwenye kanga zilikuwa nyeupe. Hilo halikuwamo katika mawazo ya Tawakali. Katika mawazo yake, dada yake hakuwa ameongezeka hata siku moja.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

"Karibu ukae. Kibwana yuko baharini."

Akamletea maji, akamletea muhogo na samaki, akarudi kwenye ukili wake. Alikuwa na adabu ile ile ya matanga. Tawakali alikula matonge mawili, akaliacha bakuli mbele yake.

"Umekuja na barua ya nane?" Kidawa akauliza, macho yako kwenye kazi.

"Hapana. Nimekuja..." Tawakali akakohoa. "Kwanza..."

Akauona mkono wake wa kushoto umeshapanda hewani, kidole cha mwisho kimekunjwa. Na Kidawa naye alikuwa ameuona. Hakucheka wala hakukasirika. Alikuwa anangoja tu yaishe, kama alivyongoja siku ile njiani, na Tawakali akaelewa kwamba akifika kidole gumba dada yake atasema "sawa, kaka," na huo ndio utakuwa mwisho wao. Akaushusha mkono akaukalia. Karani wa baraza la liwali, mtu wa miaka hamsini na mbili, amekalia mkono wake mwenyewe kwenye mkeka.

Wakakaa hivyo. Kuku walipita. Tawakali alitafuta neno moja kichwani mwake ambalo si hoja, na nakuhakikishia kwamba alichelewa sana kulipata.

"Kidawa," akasema, "siku ile ulikujaje?"

Sindano ikasimama.

"Unasemaje?"

"Nauliza ulikujaje. Ulipitaje?"

"Miaka kumi na miwili," Kidawa akasema taratibu. "Umeniandikia mara saba kwamba siwezi kufika. Hukuniuliza hata mara moja nimefikaje."

"Sikukuuliza."

Akaiweka ile kazi pembeni. Alianza kwa kusitasita, kama mtu anayefungua sanduku ambalo kifuniko kimeshika kutu, halafu maneno yakaanza kuja yenyewe. Mtu alipofika na habari, maji yalikuwa yanatoka. Kibwana alisema wangoje alfajiri, yeye akakataa. Maji yalipokupwa kabisa wakaukokota mtumbwi kwenye tope la mikoko, yeye nyuma anasukuma, Kibwana mbele anavuta, wanazama mpaka magotini, chaza za kwenye mizizi zinawakata nyayo. Walipofika maji mengi, wote wawili wakashika kafi. Mkono ulipokufa ganzi alibadilisha, ule mwingine ukifa anarudia wa kwanza. Hawakusemezana. Yeye alikuwa anamwomba mama tu, nisubiri, nisubiri.

"Tukagusa nchi Masoko hawajaadhini alfajiri," akasema. "Kibwana alianguka pale pale mchangani, hawezi kusimama. Nikamwacha. Nikaanza kukimbia, nyayo ziliponishinda nikachechemea."

"Hawajaadhini?"

"Nilisikia adhana nikiwa nimeshaanza njia."

Tawakali akaweka uso wake viganjani.

"Kaka? Una nini?"

"Saa ile ile," akasema. "Saa ile ile, Kidawa. Mama alifumbua macho akauliza, 'Kidawa yuko wapi?' Nami nikamwambia, 'Keshafika Masoko, mama, yuko njiani.' Sikuwa najua. Nilisema tu ili atulie."

"Mama akasemaje?"

"Akasema, 'Basi mlango msiufunge.'"

"Mkafanyaje?"

"Nikaufungua mwenyewe. Akageuka ubavu akawa anautazama, mpaka ikawa hivyo."

"Alikuwa ananingoja mimi."

"Alikuwa anakungoja wewe."

"Mbona hili hukuliandika?"

"Halikuwa hoja," Tawakali akasema.

Kidawa alizungumza polepole, anataka kuhakikisha kila neno.

"Ukamwambia mama ninakuja. Halafu ukatoka nje ukawaambia watu siji."

Mtu huyu alikuwa amejibu maswali ya wilaya nzima. Akatafuta jibu la hili. Alitafuta kweli, kila mahali, kwa mazoea ya miaka yote ile, na hapakuwa na kitu.

"Ndiyo," akasema.

Ndipo akalia. Alilia kilio ambacho hakukilia mama yake alipokufa, cha kwikwi na makamasi, kofia imeanguka kwenye bakuli la samaki naye hana habari. Kidawa naye alijifunika uso kwa kanga, mabega yanatikisika. Yeye hakuwa anamlilia kaka yake. Alikuwa anamlilia mama aliyelala ubavu anautazama mlango, na maji ambayo hakumwagiwa pamoja naye. Jirani mmoja alisikia akaja mbio, akawaona wamekaa kila mmoja upande wake wa mkeka, akarudi kimya kimya. Alifikiri wamepata msiba.

Kidawa ndiye aliyenyamaza kwanza. Akafuta uso. Akaichukua ile kofia, akaikung'uta mchuzi, akaiweka juani ikauke.

"Sijakusamehe, kaka," akasema.

"Najua."

"Wala sijui kama nitaweza."

"Najua, Kidawa."

Akaokota sindano yake, akaitazama kama haijui kazi yake, akaiweka tena chini.

"Lakini kesho usiondoke."

Karatasi ya liwali ilikuwamo mfukoni mwa kanzu, ya siku mbili, imepigwa muhuri, na moja ilikuwa imeshapita njiani. Tawakali akamwambia haondoki.